Rapariga, bicha, puto: tusi la Kireno likivuka bahari

Mpwa wangu wa Mtwara alinitumia ujumbe wa sauti saa tano za usiku, na kabla hata ya shikamoo akauliza: "Mjomba, nimetukana au nimesifia?"

Kijana huyu amefanya biashara Nampula, Msumbiji, kwa miaka miwili, na Kireno chake amekiokota sokoni. Huko alijifunza kwamba msichana anaitwa *rapariga*. Majuzi, kwenye kundi la mashabiki wa mpira mtandaoni, dada mmoja wa Recife, Brazil, aliweka picha yake amevaa jezi mpya. Mpwa wangu akaandika kwa moyo mweupe: "Que rapariga bonita!" Msichana mrembo ulioje. Kundi likanyamaza. Kisha vicheko. Kisha akatokea mtu aliyejitambulisha kuwa kaka wa yule dada, na huyo hakuwa anacheka.

"Nimeangalia kamusi ya kwenye simu, mjomba. Inasema rapariga ni msichana. Sasa kosa langu liko wapi?"

Kosa lake ni kuiamini kamusi isiyomuuliza yuko nchi gani. Nilianza kumjibu kwa sauti, dakika zikawa tano, zikawa kumi, nikaona heri niandike.

Tuanze na majina. Sisi tukisema "matusi" tunachanganya vitu vitatu. Yapo matusi ya nguoni, yale ya viungo vya siri na mama za watu. Yapo maneno ya dharau, ambayo hayana uchafu wowote ndani yake lakini yanamshusha mtu kwa sababu ya rangi, kabila, kazi au anakotoka. "Mshamba" halina neno chafu hata moja, na bado linauma. Halafu ipo misimu, maneno ya vijiweni yanayozaliwa na kufa, ambayo mengine ni ya dharau na mengine ni utani mtupu. Wareno nao wanatenganisha. La nguoni wanaliita *palavrão*, yaani "jineno", neno lililokuzwa. La dharau ni *termo pejorativo*. Misimu Wabrazil wanaiita *gíria*, na Ureno wanapenda kusema *calão*. Neno moja laweza kukaa kwenye makundi yote matatu, na kinachoamua ni nani kalisema, kwa nani, na wapi.

Hilo la "wapi" ndilo lililomponza mpwa wangu. Kireno ni lugha rasmi ya Ureno, Brazil, Angola, Msumbiji, Guinea-Bissau, Cape Verde na nchi nyingine kadhaa. Brazil peke yake ilihesabu watu milioni 203 katika sensa ya 2022. Ureno kwenyewe ni kama milioni 10. Ni wazi lugha haiwezi kukaa sawasawa huku na huko. Na sisi si wa kuwacheka. Mwambie Mkenya "bibi yangu amefariki", atakupa pole ya mke. Mtanzania atakupa pole ya mama mzaa mama. Hakuna aliyekosea.

*Rapariga* ni hivyohivyo, ila lenyewe limebeba sumu upande mmoja. Ureno, Angola na Msumbiji linatumika shuleni na magazetini: *rapazes e raparigas*, wavulana na wasichana. Brazil, na hasa majimbo ya kaskazini-mashariki ambako ndiko Recife iliko, rapariga ni malaya au hawara. Mbrazil anayetaka kusema msichana atasema *moça*, *menina* au *garota*. Kwa hiyo mpwa wangu alisifia kwa Kireno cha Nampula, na alitukana kwa Kireno cha Recife, kwa sentensi ileile.

Neno *bicha* ni kisa kingine. Kwa asili ni mdudu mrefu, mnyoo au nyoka hivi. Ureno wakalichukua kuita foleni, kwa sababu watu waliopanga mstari wanajipinda kama nyoka. Msumbiji nako, *fazer bicha* ni kupanga foleni, na wenye umri watakusimulia bicha za mkate za miaka ya themanini. Brazil bicha ni neno la kumdhihaki mwanamume shoga. Mreno wa zamani akishuka uwanja wa ndege wa Rio na kuuliza kwa sauti, "Bicha iko wapi?" hupewa macho. Tamthilia za Brazil zilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Ureno mwaka 1977, na siku hizi Wareno wengi wenyewe wanasema *fila*, neno la Kibrazil, wasije wakachekwa nyumbani kwao. Mdogo kwa idadi ndiye anayebadilisha usemi wake, hata kama lugha ilianzia kwake.

*Puto* nalo: Lisbon, Luanda na Maputo ni "dogo" tu. "Anda cá, puto," njoo hapa dogo. Brazil, mtu akisema *estou puto* anakwambia amekasirika hadi mwisho, na ladha yake si ya mezani. (Angola, enzi za ukoloni, "Puto" lilikuwa pia jina la kuitia Ureno yenyewe. Mtu alikwenda masomoni Puto.)

Si kila mtego ni tusi. *Propina* Ureno ni ada ya chuo, na Brazil ni rushwa. Mwanafunzi wa Coimbra akilalamika kwamba propina zimepanda na baba yake hawezi tena kuzilipa, Mbrazil atashangaa familia gani hii inayotangaza mambo yake hadharani.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati ya kukielewa haraka: mikia ya maneno. Sisi tuna ki- na ka- upande wa mbele. "Kitoto" kinaweza kuwa kipenzi. "Kijitu" ni dharau tupu. "Katoto kale" inategemea umekunja uso au umetabasamu. Kireno kinafanya kazi hiyo kwa nyuma. Mkia *-inho* hudogosha: *café* ni kahawa, *cafezinho* ni kikombe cha kahawa cha kumkaribishia mgeni. Lakini *gente*, watu, ukilivika mkia huo linakuwa *gentinha*, vijitu, watu hovyo. Upo na mkia ambao hauna upendo hata chembe, *-eco*: *jornal* ni gazeti, na *jornaleco* ni kile kigazeti cha kufungia maandazi.

Mkia wa -inho ndio uliomwingiza matatani Nelson Piquet, Mbrazil aliyekuwa bingwa mara 3 wa Formula 1, mbio za magari. Katika mahojiano ya mwaka 2021, akizungumzia ajali ya Lewis Hamilton na Max Verstappen kule Silverstone, alimwita Hamilton *neguinho*, kwa neno kwa neno "kamweusi". Video ilisambaa Juni 2022 na dunia ikagawanyika. Waliokifahamu Kiingereza tu walipewa tafsiri kali kabisa. Piquet aliomba radhi, akasema neno hilo Brazil limezoeleka kwa maana ya "jamaa" au "mtu", na kwamba limetafsiriwa vibaya.

Je, alidanganya? Kwa upande wa lugha, hapana. *Nego* ni *negro*, mweusi, iliyolika kwa matumizi. Mke mweupe humwita mume wake mweupe *meu nego*, mpenzi wangu. Na sentensi kama "neguinho acha que dinheiro cai do céu" haina rangi ya mtu ndani yake. Ni "watu wanadhani hela zinadondoka mbinguni". Ila Piquet hakuwa anasema watu kwa jumla. Alikuwa anamsema vibaya dereva mweusi pekee katika mashindano yale. Hapo neguinho si jamaa tena, rangi imerudi ndani ya neno, na kile kimkia cha -inho kinafanya kazi ya "kijitu". Formula 1 na FIA, shirikisho la mbio za magari, walilaani. Hamilton mwenyewe aliandika mstari mmoja kwa Kireno, kwamba tujikite katika kubadilisha mtazamo. Mimi naona kumjibu mtu kwa lugha yake ilitosha kuwa adhabu.

Rangi ina mtego wake mwingine ambao mgeni hauoni. Kireno kina maneno mawili ya weusi, *preto* na *negro*. Ureno, kumwita mtu preto ni matusi na negro ndiyo lugha ya adabu. Angola na Msumbiji, preto bado lina harufu ya bwana mkubwa akiita mtumishi. Brazil, preto ni kisanduku rasmi kwenye fomu ya sensa, ambacho asilimia 10.2 ya watu walikichagua mwaka 2022, na negro ni jina la jumla linalowakusanya hao pamoja na *pardos*, machotara. Kwa hiyo usibebe adabu ya Lisbon ukaishusha Salvador, Brazil, bila kuuliza. Neno ambalo halina mjadala popote ni *macaco*, nyani au tumbili, likielekezwa kwa mtu mweusi. Agosti 2014 mashabiki wa Grêmio walimfanyia hivyo kipa wa Santos, Aranha, na klabu yao ikaondolewa Copa do Brasil. Tangu Januari 2023 sheria ya Brazil inalihesabu tusi la rangi kuwa kosa la ubaguzi, kifungo miaka 2 hadi 5.

Kuna jambo la sarufi ambalo Kiswahili hakina. Ngeli zetu haziulizi mtu ni mume au mke. Kireno kinauliza kila mara, na majibu hayana haki. *Vagabundo* ni mzururaji, mtu asiye na kazi. Badilisha o iwe a, *vagabunda*, ghafla tunazungumzia kitanda. *Vadio* ni mvivu. *Vadia* ni malaya. *Homem público* ni mheshimiwa wa siasa. *Mulher pública*, katika Kireno cha zamani, hakuwa mheshimiwa. Mwanamume hutukanwa kwa uvivu wake, mwanamke kwa mwili wake, herufi moja tu ikiwa imebadilika. Ndiyo maana mwaka 2011 wanawake wa São Paulo walipoandamana walijiita kwa neno hilohilo, *Marcha das Vadias*.

Hadi hapa unaweza kusema haya ni ya wenyewe na bahari yao. Nami nakwambia baadhi ya maneno ya dharau ya Kireno yalipandia meli hapa kwetu.

Chukua *cafre*. Wareno wa Vasco da Gama walipofika pwani yetu mwaka 1498, Kisiwa cha Msumbiji, Mombasa, Malindi, walikuta Waislamu wenye miji na biashara, ambao watu wa bara wasiofuata dini yao waliwaita makafiri. Kwa ufafanuzi huo kafiri wa kwanza kabisa alikuwa Mreno mwenyewe, na msalaba wake kwenye tanga. Lakini Mreno hakulisikia hivyo. Alilisikia kama jina la watu weusi wa bara, akaliandika cafre, akachora ramani na kuiita kusini-mashariki ya Afrika *Cafraria*. Neno la imani likawa neno la rangi. Leo ukifungua kamusi ya Kireno, cafre ni mtu mkatili, mshenzi, asiye na adabu. Mreno wa bonde la Zambezi aliyeoa Mwafrika na kuishi kama wenyeji alisemwa kwamba *cafrealizou-se*, amejifanya kafiri. Neno hilohilo likashuka hadi Afrika Kusini, ambako mwaka 2018 mwanamke mmoja alifungwa kwa kumporomoshea polisi mweusi tusi hilo mara kadhaa. Na wakati huohuo ukikaa mgahawani Msumbiji, au Goa kule India, utaletewa kuku *à cafreal*, kuku wa viungo na pilipili, na kila mtu analamba vidole bila kukumbuka jina limetoka wapi.

Lingine litawagusa zaidi: *monhé*. Ni neno la dharau kwa mtu mwenye asili ya India au Pakistan, na zamani kwa Mwislamu wa pwani ya Msumbiji. Lilivuka na walowezi waliorudi Ureno, na leo linatupwa Lisbon kwa wauza duka Wabangladeshi ambao hawajawahi kuiona Msumbiji. Asili yake inayotajwa zaidi ni lugha za pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, kwenye neno ambalo kwetu ni *mwinyi* au *mwenye*. Yaani bwana, mwenye mji, mwenye mali, jina la heshima ambalo hadi leo watu wanajivunia kulibeba kama jina la ukoo. Lisome tena polepole: mo-nhe. Nh ya Kireno ni ny yetu. Jina la kumpandisha mtu limekuwa jina la kumshusha, bila kubadilika sauti kwa kiasi cha kutisha.

Huo mchezo wa nh unafungua na neno la tatu. Mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, chama kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilibuni mhusika wa vibonzo aitwaye *Xiconhoca*: mlevi, mvivu, mlanguzi, mla rushwa, adui wa ndani. Xico lilitokana na jina la utani la kachero wa polisi wa siri wa ukoloni. Na nhoca? Mtwara hawahitaji kamusi. Ni nyoka. Xiconhoca likatoka ukutani likaingia vinywani, likawa neno la kumwita bosi anayeficha sukari stoo. Hili ni tusi la Kireno lililotengenezwa nusu kwa Kibantu na wanamapinduzi wenyewe, na kwa ladha yangu halijapata mpinzani.

Vita vya ukombozi vilizaa na jozi nyingine. Askari wa Kireno waliwaita wapiganaji *turras*, kifupi cha kuwaita magaidi. Wapiganaji wakawaita Wareno *tugas*; Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau alilitumia sana katika hotuba zake. Turra limebaki kwenye kumbukumbu za maveterani. Tuga limepanda cheo: leo Wareno wenyewe hujiita tugas kwa fahari, na timu ya taifa ikicheza utawasikia. Aliyetukanwa akiliokota tusi na kulivaa, mtukanaji hubaki mikono mitupu.

Safari haikuwa ya upande mmoja wa bara. Kutoka Angola mamilioni ya watu walipelekwa Brazil katika utumwa, na lugha zao zikapanda nao. *Moleque*, mtoto mtundu au mtu mzima asiye na msimamo, ni Kimbundu, "mvulana". Na kitenzi ambacho Wabrazil hutumia kwa kitendo chenyewe cha kutukana, *xingar*, ni Kimbundu pia. Mbrazil akikutukana kwa Kireno safi bado anakutukana kwa kitenzi cha Kibantu. Ila msikurupuke na mfanano: *matumbo* Angola ni mtu mjinga wa porini, na hana uhusiano wowote na supu ya asubuhi.

Kwa kuwa maneno haya yana historia, watu hupenda kuyatungia historia. Utatumiwa kwenye simu kwamba *caralho*, tusi la nguoni la kiungo cha mwanamume, lilikuwa jina la kile kikapu cha mlingotini ambako baharia aliyekosa alipandishwa kama adhabu. Ndiyo maana "nenda caralho" ni kumfukuza mtu. Hadithi tamu, lakini haisimami. Neno hilo limo, kwa maana yake hiyohiyo ya leo, kwenye mashairi ya kejeli ya karne ya 13 kule Galicia na Ureno, miaka mia mbili kabla ya Vasco da Gama. Nyingine ni ya *feito nas coxas*, "kilichofanywa mapajani", yaani kazi ya kulipua. Wanasema watumwa walifinyanga vigae vya paa kwenye mapaja yao, na kwa kuwa mapaja hayalingani, paa zilipinda. Kipime kigae kimoja cha nyumba ya zamani ya jimbo la Minas Gerais, Brazil, uone kingehitaji paja la mtu wa urefu gani. Nchi iliyoshika watumwa hadi 1888 ina uovu wa kutosha ulioandikwa. Haihitaji wa kubuni, na uongo mmoja ukifichuliwa watu hupata kisingizio cha kukana na yale ya kweli.

Wakati mwingine tusi halihitaji hata neno. Brazil kuna bahati nasibu ya mitaani, *jogo do bicho*, iliyoanzia kwenye bustani ya wanyama ya Rio mwaka 1892. Wanyama 25, kila mmoja na namba yake. Namba 24 ni paa, *veado*, na *viado* ni tusi la kumwita mtu shoga. Basi namba 24 imekuwa tusi. Wachezaji walikimbia jezi yake kwa miaka. Katika Copa América ya 2021 namba za Brazil ziliruka kutoka 23 hadi 25, na chama kimoja cha kutetea haki za mashoga kikalipeleka shirikisho la mpira mahakamani. Kombe la Dunia la Qatar, ambako namba hazirukwi, beki Bremer aliivaa, na mvua haikuacha kunyesha.

Nilimtumia mpwa wangu sehemu ya haya. Nikamwambia amwombe radhi yule dada, amweleze kwamba Kireno chake ni cha Nampula, na mbele ya Wabrazil aseme moça. Akafanya hivyo. Kesho yake, saa tano usiku tena:

"Mjomba, shikamoo. Amenijibu: *seu bobo*. Nimeangalia kwenye simu, inasema 'wewe mjinga'."

"Ameweka nini mwishoni mwa ujumbe?"

"Kikatuni kinachocheka. Na kamoyo kekundu."

"Basi hiyo kamusi izime, ulale."